Mayi mu Tumbo ya Victorine

Katika lupango letu, ua wenye nyumba kadhaa huko Katuba, Lubumbashi, kulikuwa na Victorine mmoja, na Kasenga, kwenye mto Luapula, kulikuwa na mwingine. Wa Katuba alikuwa mjane aliyeishi nyumba ya mbele, mimi nikipanga chumba cha nyuma. Wa Kasenga alikuwa boti. Wote wawili walikuwa wa mtu mmoja, marehemu Ngosa, ambaye alimwoa wa kwanza na miaka mingi baadaye akamnunua wa pili. Siku boti ilipofika kutoka Ulaya, nyeupe na nyepesi, ya ile plastiki ngumu wanayoiita fibre, Ngosa alimwita mchoraji wa mabango akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MAMA VICTORINE. Tangu hapo hakuna mtu wa Kasenga aliyesema "boti ya Ngosa." Walisema Victorine amevuka kwenda Kashiba, upande wa Zambia. Walisema Victorine amelala kwenye mchanga, Victorine leo amekataa kuwaka.

"Siku moja banapiga simu, banasema Victorine anakunywa essence ya moteur mingi kupita ya mwaka jana," mama Victorine aliniambia mara ya kwanza aliponikaribisha kwake. "Nikabauliza, sasa miye nifanye namna gani na hiyo sifa?"

Alicheka kidogo, kisha akaangalia mlango wa lupango, kama alivyofanya kila alipomaliza kucheka.

Hakuwa mtu wa Kasenga. Baba yake alitoka Kongolo, kaskazini, akafanya kazi ya reli maisha yake yote, na Victorine alizaliwa katika kambi ya reli hapa mjini. Kibemba, lugha ya kina Ngosa, alijua salamu tu. Ngosa alikuwa fundi wa moteur, injini za boti, akikaa mwezi Kasenga na mwezi Katuba. Watoto hawakupata. Alipokufa alizikwa kwao, na kilio kilipokwisha ndugu zake waligawana vyombo vyake vya kazi. Walipofika kwenye boti walisimama. Mdogo wake, Chisanga, aliyemwita mjane yaya, yaani dada mkubwa, akasema, "Hii iko na jina ya yaya Victorine. Ibakie yake. Miye nitaitumikisha." Basi ikawa hivyo. Kila lori la dereva mmoja, Jean-Claude, liliposhuka kutoka Kasenga lilimletea gunia la samaki wakavu, akawauza sokoni.

Samaki walifika. Watu hawakufika. Miaka yote niliyokaa pale sikumwona shemeji yake hata mmoja akivuka mlango wa lupango. Mama Victorine hakulalamika. Lakini nilimwona mara nyingi ameketi na gunia jipya katikati ya magoti, akifungua kamba kwa kucha, polepole, ingawa kisu kilikuwa karibu. Nilipomuuliza kwa nini haikati, alisema, "Kuko muntu alifunga hii." Na mtu akipiga simu kwa kukosea namba, hakumkatia. Alimwuliza anatoka wapi, mvua imenyesha huko, watoto wanaendelea namna gani. Wengine walikaa kwenye laini mpaka uniti zao zikaisha.

Ilikuwa mwezi wa tatu, njia yote tope, aliponigongea mlango akiwa na simu mkononi.

"Weye ya bitabu, nisomee hii. Nimeona tu jina ya bwana yangu, ile ingine yote ni Kifaransa ya mawakili."

Haikuwa ya mawakili. Ilikuwa tangazo la usalama kutoka kwa kiwanda kilichotengeneza boti, limeletwa kupitia wakala wa mjini ambaye Ngosa alinunua kwake. Nililisoma mara mbili kimya, kisha nikamweleza. Boti za aina ile zilizotoka kiwandani mwaka fulani zina kasoro katika ganda lenyewe, ile sehemu ya chini inayokaa majini. Ganda lina kuta mbili, na katikati kuna povu gumu. Gundi inayoshikanisha kuta hizo inaachia. Maji yanaingia polepole na kukaa katikati, na mtu aliye ndani ya boti hayaoni, kwa sababu sakafu ni kavu. Boti inakuwa nzito. Siku moja, ikiwa na mzigo, inaweza kufunguka. Mwenye boti aache kuitumia mara moja. Kisha ganda likatwe vipande, picha zitumwe, na kiwanda kitatoa boti nyingine.

"Na ya Ngosa iko ndani?"

"Iko. Namba yake imeandikwa hapa."

Aliketi kwenye kizingiti changu. Neno lililokuwa juu ya tangazo lilikuwa *rappel*, akaniuliza maana yake. Nilimwambia kwamba mwenye kutengeneza kitu anakiita kirudi.

"Hii ingine watatoa lini?"

Tangazo halikusema.

"Na ikifika, itaitwa nani?"

Hilo pia halikusemwa. Aliifunga simu kwenye pindo la kitenge chake kama mtu anayeficha kitu, akaangalia kuku wa jirani. Nilielewa alichokuwa akipima. Victorine akitoka majini, gunia halitakuja. Na gunia lisipokuja, hakuna tena kitu chochote kitakachomfunga na watu wa Ngosa, maana mtoto hayupo, lugha haipo, na kaburi liko mbali. Angeweza kuifuta ile habari kwenye simu. Nani angejua? Mimi tu, na mimi si mtu wa kusema sana.

Alirudi kwake, akapika, akafua. Jua lilipoinama alisimama tena mlangoni kwangu.

"Bamama banapandaka mule na batoto mu mugongo," alisema. "Tutume habari."

Simu ya Chisanga haikupatikana. Si ajabu, mtandao wa Kasenga hupotea siku nzima. Lakini Jean-Claude alikuwa mjini na lori lake, angepanda asubuhi, na habari nyingi za barabara ile husafiri katika kichwa cha dereva. Alipopita kuleta gunia, mama Victorine alikuwa ameshatafuta maneno. Nilimshauri tuseme *coque*, neno la Kifaransa ambalo tangazo lilitumia kwa ganda. Alikataa. Chilufya, mke wa Chisanga, ndiye hupokea lori, na Chilufya hajui Kifaransa.

"Kifaransa itapotea mu njia. Tuseme Kiswahili, ifike muzima."

Ganda la boti akaliita tumbo, na kwa kweli sijui angeliitaje vinginevyo. Kiwanda akakiita Mwenye Kumutengeneza. Akamsimamisha Jean-Claude kando ya mlango wa lori, akasema polepole kama anayefundisha katekisimu:

"Umwambie Chisanga: Victorine iko na mayi mu tumbo. Mule ndani bintu binaachana, hata kama na inje anaonekana muzima. Mwenye Kumutengeneza anamuita arudi. Basimuchokeshe tena na kazi."

"Mayi mu tumbo. Mwenye Kumutengeneza anamuita. Basimuchokeshe," Jean-Claude alirudia. Alikuwa ameona tangazo kwenye simu, na habari aliielewa vizuri. "Mama, kichwa yangu ni camion kama hii. Inabeba na haimwange."

Na kweli hakumwaga neno. Alifika Kasenga, akamkuta Chilufya barabarani na karai la unga kichwani. Betri ya lori ilikuwa imekufa, hakuthubutu kuzima moteur. Akainama dirishani, akapaza sauti juu ya ule mngurumo, akasema kila kitu kama alivyopewa. Chilufya akauliza, "Ilianza lini?" Jean-Claude akajibu, "Zamani, lakini habakujua." Kisha akaendelea na njia ya Kilwa, ambako alikuwa na mzigo mwingine.

Kando ya Luapula kila mtu anaujua ugonjwa wa maji tumboni. Tumbo linajaa, miguu inakonda, na wanaopona ni wachache. Chilufya aliyasikia maneno yale akamwona akilini shemeji yake wa Katuba, amelala mgonjwa. Na kama alibaki na shaka, neno la mwisho liliiondoa. Mwenye Kumtengeneza anamwita arudi. Hata padri asingesema wazi zaidi ya hapo. Alitua karai chini, akaanza kulia pale pale barabarani.

Sisi Katuba hatukujua lolote. Tulingoja jibu la Chisanga, na halikuja.

Walifika Ijumaa, mchana. Mimi nilikuwa uani nikianika nguo. Waliingia mmoja mmoja, kwa hatua za watu wanaoingia kanisani misa imeshaanza: Chisanga na kofia mkononi, Chilufya na kuku wawili waliofungwa miguu, na mwanamke mzee mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye baadaye nilijua ni Kapya, shangazi yake Ngosa, aliyeolewa ng'ambo ya mto, Kashiba.

"Iko mu nyumba?" Chisanga aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Iko, anapumzika. Kichwa inamuuma kidogo."

"Anaongea bado?"

"Anaongea muzuri."

Walitazamana. Chilufya akanishika mkono, akaubana. "Aksanti kwa kumuangalia, mademoiselle. Mungu atakuona."

Mama Victorine alitokea mlangoni kwa sababu ya sauti. Alipowaona alishika mwimo wa mlango. Kisha akageuka mbio kutafuta viti.

"Usisimame!" Kapya alipaza sauti. "Nani alimwacha asimame? Lala, mwanangu, lala."

Kwa mshangao tu, alitii. Nilipoingia na kiti changu nilimkuta kitandani, Chilufya akimfunika miguu, na shangazi ameketi pembeni mwake. Mkono mkubwa wa yule mzee ulikuwa juu ya tumbo lake, umetulia.

"Haijavimba sana," Chilufya alimnong'oneza mumewe.

"Ya ndani njo ya mubaya," akajibu Chisanga: ya ndani ndiyo mbaya.

"Tumepata habari ya tumbo," Kapya alisema.

"Njo vile, shangazi," mama Victorine akajibu. Macho yake yalikuwa yakienda kwa huyu na kwa yule, kama anayeogopa wataondoka asipowaangalia. "Hata miye nilishangaa. Miaka yote bila kintu."

"Na mayi imekuwa mingi?"

"Nani anajua? Na inje haionekani. Mpaka batoboe."

"Batoboe!" Chilufya alisema.

"Kidogo tu, pa chini, mayi itoke. Kisha banakata."

"Banakata nini, yaya?" Chisanga aliuliza.

"Yote. Bipande bipande. Banapiga foto, banatuma kule Ulaya."

Chilufya alifunika mdomo kwa kitenge. Chisanga alisimama, akaketi. Mmoja wa kuku alijipigapiga chini ya meza. Mimi nilidhani wanaisikitikia boti, nikaona ni heshima kubwa kwa kitu cha plastiki.

"Hapana," Kapya akasema. Aliinama mpaka kitambaa chake kikagusa mto. "Hakuna mwenye kukukata. Kama Mwenye Kukutengeneza anakuita, utaenda muzima, na Ngosa atakupokea pa mulango."

Kukutengeneza. Anakuita. Ilikuwa silabi moja tu iliyobadilika, *ku* mahali pa *mu*, na uso wa mama Victorine ukasimama. Niliona ameelewa, na kwa kumwona yeye nami nikaelewa: kuku, hatua za kanisani, mkono kwenye tumbo. Wote hawa walikuwa wamekuja kumuaga mtu anayekufa.

Kapya alianza Salamu Maria. Chisanga na Chilufya wakajibu. Nilingoja mama Victorine aseme. Alifumba macho. Mkono wa yule mzee ulipanda na kushuka kwa pumzi yake, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo kama wa mtoto aliyebebwa akaanza kusinzia. Sala iliisha. Kapya akavuta pumzi aanze nyingine.

"Shangazi," mama Victorine alisema, macho bado yamefumbwa, "nani alikuvusha mpaka Kasenga?"

"Victorine. Ningefika namna gani? Miye na mitumbwi hatusikilizane, tangu nilizamaka."

"Na sasa iko na nani?"

"Iko na Émile, kijana wa kuiendesha," Chisanga alisema. "Leo soko ya Kashiba. Anarudisha bantu mchana huu. Usiwaze mambo ya kazi, yaya."

Alifumbua macho. Aliushika ule mkono, akaunyanyua kutoka tumboni mwake kwa mikono yake miwili, akaurudisha kwenye magoti ya mwenyewe. Kisha akaketi.

"Haina miye, si miye," alisema. "Ni boti."

Chilufya akainua shuka, amfunike tena.

"Haina miye mugonjwa. Ni Victorine ya ku mayi. Tumbo yake njo inaachana. Chisanga, piga simu kwa Émile, asipakie bantu!"

Chisanga alikuwa bado amekodoa macho. "Yaya, sasa ile ya kukata bipande..."

"Boti! Piga simu!"

Watu wa Kasenga wengi wana laini ya Zambia pia, na siku ya soko Émile huwa upande ule. Simu ya Chisanga haikuwa na uniti za kuvuka mpaka, nikampa yangu. Mara ya kwanza ililia bure. Mara ya pili tulisikia kelele za watu, mbuzi, na kijana akicheka.

"Émile, uko wapi?"

"Kashiba, patron. Bantu bamesha kupanda, ninasukuma sasa. Ee, leo Victorine anatembea kama nguruwe ya mimba, moteur inalia tu."

"Bashushe!"

"Nani?"

"Bote! Bashuke!"

"Patron, huku kuko mama na mbuzi yake, ataniuma. Nitamwambia nini?"

"Mwambie Victorine iko na mayi mu tumbo!"

"Lakini si yeye njo mulienda kuangalia kule Lubumbashi?"

"Ni huyu! Huyu wa chini ya makalio yako!"

Tulisikia Émile akianza kuwaomba watu washuke, tukasikia matusi ya Kibemba ambayo hata mimi niliyaelewa, na sauti ya mwanamke ikiuliza kama yeye na mbuzi wake wanaonekana wazito hivyo. Baadaye alipiga mwenyewe. Alikuwa ameifunga Victorine nyuma ya boti nyingine, ikavutwa tupu mpaka Kasenga, na watu walipoivuta mchangani walihitajika mara mbili ya wale wa kawaida. Walitoboa tundu chini. Maji yalitoka na hayakukoma mpaka jua likatua.

Katika chumba cha Katuba, Chilufya ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaya, kuku ni ya mugonjwa! Sasa mugonjwa ni boti, na boti haina meno. Nirudishe kuku?"

"Uipike," mama Victorine alisema, naye akacheka, wote tukacheka. Kapya alipangusa macho, akarudia mara nyingi, "Mwenye Kumutengeneza! Aye, Ngosa angekufa mara ya pili."

Lakini kicheko kilipokwisha, chumba kilibadilika. Mgonjwa huketiwa kando, mtu mzima hutembelewa, na kumtembelea kuna mipaka yake. Chisanga alitoka nje, akazunguka uani. Alirudi amekunja uso.

"Ungesema *coque*, yaya. Miye mwenyewe najua *coque*."

"Nilifikiri Chilufya..."

"Ungesema *coque*."

Wakati wa kula waliongea zaidi kwa Kibemba, juu ya boti, juu ya kazi itakuwaje, na mama Victorine alizungusha macho kutoka mdomo hadi mdomo, akitabasamu mahali wenzake walipotabasamu. Asubuhi wakajitayarisha. Kapya ndiye aliyechelewa kupanda lori. Alikuwa na aibu yake mwenyewe: kwao Kashiba alikuwa ameaga kama mtu anayekwenda kilioni, na sasa arudi aseme nini?

"Sema marehemu anabasalimia," mama Victorine alimwambia.

Mzee alicheka, kisha akamshika uso kwa viganja vyote viwili. "Ningekuya mbele ya leo," alisema. "Ningekuya ukiwa muzima. Nitarudi."

Baada ya hapo gunia halikuja tena, kwa sababu hapakuwa na boti ya kulijaza. Mama Victorine alinunua samaki kwa wauzaji wengine, akauza kama zamani. Kamba zao alizikata kwa kisu.

Mwezi wa sita wakala akamkumbusha: bila picha za ganda lililokatwa, hakuna boti nyingine. Chisanga alipopatikana kwenye simu alikohoa kwanza.

"Yaya, hakuna mwenye anataka kukata. Émile amekataa, nduguye amekataa. Jina yako iko pale, na wanajua uko muzima. Kuya weye mwenyewe uanze."

Aliniomba nimsindikize, kwa ajili ya picha. Tulipanda lori la Jean-Claude, tukakaa naye mbele, na njiani kote aliomba msamaha kwa ujumbe ambao hakuukosea hata neno moja. Mama Victorine alivaa nguo yake ya misa. Alikuwa amebeba mkate wa mjini kwa ajili ya shangazi, umefungwa kwa kitambaa safi.

Kasenga upepo ulikuwa wa baridi na mto ulikuwa umejaa mwanga. Victorine ililala ubavu kwenye mchanga, mbali kidogo na mitumbwi ya wavuvi, maandishi yake mekundu bado mazuri. Chisanga alitupokea kwa heshima. Émile alikuwepo, na wavuvi wachache waliosimama mbali. Chilufya alikuwa shambani.

"Na shangazi?" mama Victorine aliuliza.

Chisanga alinyoosha mkono kuelekea Zambia. "Hapandi mutumbwi, unamujua. Na hii njo ilikuwa anapanda." Aliigusa boti kwa mguu. "Tulimwambia utakuya leo. Banasema amesimama pale tangu asubui."

Ng'ambo ile, kwenye ukingo, kulikuwa na watu wadogo kama punje, na mmoja wao alikuwa na kitu cheupe kichwani.

Mama Victorine alitazama kwa muda. Kisha akanipa mkate niushike, akapandisha mikono ya nguo yake, akapokea msumeno.

"Mama, tuanze pa nyuma," Émile alisema. "Jina ibakie."

"Ibakie ya nini? Bataifanya kitanda?"

Aliweka msumeno katikati ya herufi za jina lake, akaanza. Hakuwa na nguvu nyingi. Unga mweupe wa fibre ulimwagika kwenye mikono yake, ukawasha, akajikuna na kuendelea. Alipochoka Chisanga aliuchukua, kisha Émile, na hatimaye ganda lilipasuka kwa sauti kavu na nusu mbili zikaangukia pande zake. Ndani, lile povu lililotakiwa kuwa jeupe lilikuwa jeusi, limelowa, linanuka kama kisima cha zamani.

"Kumbe alikuwa mugonjwa kweli," mvuvi mmoja alisema.

Nilipiga picha, kutoka kila upande, kama tangazo lilivyotaka. Wavuvi walirudi kwenye nyavu zao. Émile alianza kukokota vipande.

"Ya mupya ikifika tutakuita," Chisanga alisema. "Uchague jina."

"Muniite," alisema mama Victorine. "Jina muchague ninyi benyewe, njo mutapanda."

Chisanga akamshukuru kwa safari. Mkate aliuchukua aupeleke ng'ambo na mtumbwi wa kwanza.

Jean-Claude alikuwa ameshageuza lori na kupiga honi. Mama Victorine alishuka mpaka viatu vyake vikagusa maji, akafungua kitambaa cha kichwa, akakinyanyua juu na kukipunga. Upande wa pili kile cheupe kilisogea. Huenda kilijibu. Huenda ulikuwa upepo, au mwanamke mwingine kabisa aliyekuwa akifua.

"Ananiona?" aliniuliza.

"Sijui, mama. Ni mbali."

Honi ililia tena. Alibadilisha mkono, akaendelea kupunga.

"Umwambie Jean-Claude angoje kidogo," alisema. "Shangazi aende yeye kwanza. Sitaki aone miye njo nilimupa mugongo."